Udongo Safi wa Shamba la Iliki

Barabara inayopanda kutoka Muheza, mkoani Tanga, kwenda Amani ina kona nyingi, na katika mojawapo ya zile za juu abiria wakishuka kunyoosha miguu hutazama milima mbele yao na kusema kwamba msitu huu bado mzima. Nami nilisema hivyo kwa miaka mingi, ingawa sikuwa mgeni wa milima hii ya Usambara Mashariki. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba la iliki upande wa Derema, na kila likizo tulipelekwa kwake. Msimu ukiangukia humo, tulisaidia kuchuma. Iliki huzaa chini kabisa, katika vikonyo vinavyotambaa miguuni mwa shina, hivyo mchumaji hufanya kazi akiwa amechuchumaa, uso wake ukiwa karibu kuugusa udongo. Ndiyo maana naukumbuka udongo wa shamba lile kuliko ninavyoikumbuka miti yake. Ulikuwa mweusi na safi, hauna kijiti wala jani la ziada, na Bibi aliuonea fahari usafi ule, kwa sababu shamba chafu lilikuwa dalili ya mwenye shamba mvivu. Juu yetu ilisimama miti mikubwa, minyasa na mitambara ambayo watu wanne wasingeweza kuizungushia mikono, na kivuli chake ndicho kilichoziwezesha iliki kustawi. Kwa hiyo, mtu alipouliza msitu uko wapi, tulimjibu kwamba uko hapa hapa, tumo ndani yake.

Niligundua kosa langu nilipokuwa mwanafunzi wa biolojia, siku nilipoingia kwa mara ya kwanza katika sehemu ya msitu ambayo haijawahi kulimwa wala kukatwa mbao. Nilitaka kuchuchumaa kama nilivyozoea shambani kwa Bibi, nikakosa mahali pa kuchuchumaa. Ardhi yote ilikuwa imeshikwa: miche ya miti yenye majani mawili, miche ya goti, fito zenye umri ambao hakuna anayeujua zikingoja mti mkubwa uanguke ili zipate mwanga, ndago za kivulini, mawe yaliyovikwa kuvumwani, na juu ya hayo yote tabaka la majani makavu lililokuwa likicheza kwa wadudu. Nilifunua majani kwa kidole nikaona jongoo, konokono mdogo kama mbegu ya mtama, na chura wa rangi ya udongo ambaye angetosha kukaa juu ya ukucha wangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika shamba la Bibi tulikuwa tumeliacha paa na kuifagia nyumba nzima iliyokuwa chini yake, pamoja na watoto wa lile paa lenyewe. Minyasa ile ilikuwa imezeeka bila mrithi, kwa sababu kila mche wake uliochipua ulikutana na panga la mtu anayetaka shamba safi.

Naandika juu ya jambo hili kwa kuwa naona tunapozungumzia bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, tunapenda kuhesabu eneo la kijani, hekta ngapi zimebaki na miti mingapi imepandwa, ilhali swali zito zaidi ni aina gani ya makazi imo ndani ya kijani hicho na ni viumbe gani wanaweza kuishi humo pamoja. Usambara Mashariki ni mahali pazuri pa kulitazama swali hili kwa sababu, ndani ya safari ya siku moja kwa miguu, mtu hupita katika msitu wa asili, mashamba ya chai, mashamba ya iliki, mihogo na migomba, misitu iliyowahi kukatwa mbao na mashamba ya miti ya kupandwa, vyote katika mlima mmoja na chini ya mvua ile ile.

Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa kusini mwa Tanzania, na kila kundi la milima limetenganishwa na jingine kwa nyanda kavu. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huleta mvua ambayo Amani hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa muda mrefu sana misitu hii ilibaki na unyevu hata pale nchi za chini zilipokauka, na viumbe waliojikuta juu ya mlima mmoja hawakuwa na njia ya kwenda mlima wa pili. Hata Usambara Mashariki na Usambara Magharibi, ambazo mgeni hudhani ni kitu kimoja, zimegawanywa na bonde la Lwengera, na kuna viumbe walioko upande mmoja wasiopatikana upande mwingine.

Viumbe waliokulia katika hali kama hiyo hawana uvumilivu wa viumbe wa nyikani. Mfano ninaoupenda ni vyura wa jamii ya Nectophrynoides wanaoishi Amani, ambao hawatagi mayai majini kama vyura wengi. Jike hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili, wadogo mno, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi. Hawana haja ya bwawa, lakini hawawezi kuishi bila hewa nyevu na majani yaliyolowa, na mambo hayo mawili ndiyo ya kwanza kutoweka mwanga wa jua unapofika chini. Mfano wa pili unajulikana dunia nzima bila watu kujua ulikotoka. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua katika milima hii mimea midogo yenye maua ya zambarau na kuipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaipa jina la Saintpaulia. Leo vizazi vyake hukaa katika vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Mimea mama huota hapa kwetu juu ya miamba yenye kivuli kando ya vijito, na mwamba wenyewe usipoguswa na mtu yeyote, inatosha kukata miti miwili au mitatu iliyo juu yake ili jua likaushe mimea yote iliyoshikilia hapo. Mtu aliyekata miti ile anaweza kuapa kwa dhati kwamba hakung'oa ua hata moja, na atakuwa anasema kweli.

Historia ya ardhi hii haikuanza na iliki. Wajerumani walifyeka sehemu ya msitu kwa ajili ya kahawa katika miaka ya 1890, Derema ikiwa miongoni mwa mashamba ya mwanzo, na kahawa haikufaulu. Mwaka 1902 walianzisha Amani kituo cha utafiti wa biolojia na kilimo, wakaleta mimea kutoka pembe nyingi za dunia ili kuijaribu. Baadaye chai ilichukua vilima, na ndani ya chai vikabaki vipande vya msitu, vingine vidogo kuliko kiwanja cha mpira. Kuanzia miaka ya 1970 uvunaji wa mbao kwa mitambo uliingia ndani ya misitu yenyewe, ukisaidiwa na fedha za Finland, mpaka kelele za wanasayansi na wananchi zilipousimamisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Finland hiyo hiyo iligeuka kuanzia miaka ya 1990 kufadhili uhifadhi wa milima hii, jambo ambalo nalitaja kwa heshima, maana si kila anayesaidia kuharibu hurudi kusaidia kutengeneza. Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina hiyo nchini Tanzania, yenye hekta 8,380.

Vile vipande vya msitu vilivyozungukwa na chai vimetufundisha mengi kuliko vitabu vingi. Mwaka 1987 mtafiti wa Kimarekani William Newmark alianza kunasa ndege wanaoishi chini ya msitu kwa nyavu nyembamba, kuwavisha pete miguuni na kuwaachia, kazi iliyoendelea kwa miongo kadhaa akishirikiana na wananchi wa vijiji vya hapa. Niliwahi kuruhusiwa kusimama kando ya wavu asubuhi moja. Ndege aliyenaswa alikuwa wa kahawia, mzito kama barua, na kijana wa kijijini aliyemtoa alifanya hivyo kwa vidole vya fundi saa, akianza na miguu, kisha bawa moja, kisha kichwa, huku akimpulizia manyoya ya tumbo ili aone kama ana mafuta. Alisoma namba ya pete bila kutazama daftari mara mbili. Ndege yule alikuwa amewahi kunaswa mita chache kutoka hapo, miaka kadhaa nyuma.

Kazi hiyo imeonyesha kwamba kadiri kipande cha msitu kinavyokuwa kidogo na kadiri kinavyokuwa mbali na msitu mkubwa, ndivyo kinavyobaki na spishi chache za ndege wa chini ya msitu. Hilo pengine lingetarajiwa. Kinachoniumiza ni sehemu ya pili: hata spishi ambazo bado zinaonekana katika vipande vidogo si lazima ziwe salama, kwa kuwa viota vyao huharibiwa zaidi kuliko vya wenzao wa msitu mkubwa, na uwezo wa ndege wenyewe kuishi kutoka mwaka hadi mwaka hupungua. Msitu ukigawanywa leo, hasara yake hailipwi leo. Wanaikolojia huliita hilo deni la kutoweka, na nadhani ni jina sahihi, kwa sababu mtu anayepita leo na kumsikia ndege akiimba katika kipande kile hana namna ya kujua kwamba anamsikia mdaiwa.

Kwa nini ndege wasihame tu? Mtu mwenye mabawa, tunadhani, hazuiliwi na shamba la chai. Lakini ndege aliyezaliwa katika giza la chini ya msitu, ambaye jua kali halijawahi kumpiga mgongoni, huliona shamba la chai kama sisi tunavyoiona bahari bila mtumbwi. Wapo ambao huacha kabisa kuvuka uwazi hata wa makumi machache ya mita. Kwa hiyo shamba la chai, ambalo kwenye picha ni kijani safi kuliko msitu, kwa ndege hawa ni ukuta.

Tena hawaishi peke yao, na jambo hili ndilo ambalo hesabu ya spishi mojamoja hulificha. Siafu wakitoka kuwinda katika msitu wa Amani, hutandazwa kama zulia linalotembea, na kila mdudu aliyejificha chini ya majani hulazimika kukimbia. Mbele ya zulia hilo husubiri ndege, miongoni mwao mmoja mwenye mgongo wa kahawia na kifua cheupe, Chamaetylas fuelleborni kwa jina la kitaalamu, ambaye hushuka na kuokota panzi, mende na buibui wanaotoroka. Nilimwona mara ya kwanza siku ile ile nilipokosa mahali pa kuchuchumaa, mwongoza njia akiwa amenishika bega nisisogee, na siafu wakipita mita moja mbele ya viatu vyetu. Ndege huyu anahitaji siafu. Siafu wanahitaji wadudu wengi na eneo pana la kuzunguka. Wadudu wanahitaji majani makavu yaliyorundikana. Majani yanahitaji kivuli na unyevu ili yasikauke yakapeperushwa. Shamba safi la Bibi lilikata mnyororo huo katika kiungo cha chini kabisa, na ndege wa juu walipoendelea kuimba kwenye minyasa, hakuna aliyeuliza wa chini wamekwenda wapi.

Mahali pao huchukuliwa na wengine, na hapa pia hesabu ya jumla hudanganya. Ukihesabu ndege katika mchanganyiko wa mashamba, migomba na vichaka, unaweza kupata spishi nyingi sana: shore, kwera, kuzumburu, chozi wa aina mbalimbali. Lakini hao ndio utakaowakuta Muheza, Korogwe, na karibu kila mahali penye mwembe na ua la jirani. Kila mlima unaogeuzwa shamba hupokea wageni wale wale, na milima iliyokuwa na jamii tofauti za viumbe hufanana taratibu, mpaka bonde la Lwengera halitenganishi chochote tena. Siwachukii shore, nao ni viumbe. Nasema tu kwamba kupata shore mahali alipokuwa ndege asiyekuwa na mlima mwingine duniani si kubadilishana sawa kwa sawa.

Kisa cha msizi kinaonyesha jinsi matumizi mabaya ya ardhi yanavyoweza kufungua mlango ambao baadaye hakuna wa kuufunga. Msizi, Maesopsis eminii, ni mti wa asili wa Uganda na pande za Ziwa Viktoria, ulioletwa Amani kwa majaribio na baadaye kupandwa kwa wingi kwa kuwa hukua upesi na kutoa mbao. Ndani ya msitu uliofungika hauna nguvu, maana mche wake unataka mwanga. Lakini wavunaji wa mbao walipotoboa paa la msitu, mwanga ulipatikana tele. Na hondohondo, ambao hupenda sana matunda yake, walizisafirisha mbegu na kuzidondosha mbali. Mti, ndege na shoka vilifanya kazi moja bila kupatana. Leo ziko sehemu ambazo ukitazama kutoka barabarani unaona msitu mrefu, na ukiingia unakuta msizi juu ya msizi, majani yakioza haraka kiasi kwamba lile tabaka nene la majani makavu halipo. Hondohondo wenyewe hawana hatia, na wamepata chakula kingi; ndiyo ugumu wa mambo haya, kwamba badiliko moja humnufaisha kiumbe mmoja wa asili na kumnyima mwingine.

Sasa nirudi Derema. Msitu huo unaunganisha Amani na misitu iliyo kaskazini yake, na wataalamu walipoona kwamba ukizidi kufyekwa milima itakatika vipande viwili, ukapangwa kuwa ushoroba, yaani njia ya viumbe kupita kati ya misitu hiyo, takribani hekta 960. Humo ndani yalikuwemo mashamba ya wakulima zaidi ya elfu moja, na la Bibi lilikuwa mojawapo. Watu walikuja na daftari wakahesabu mashina ya iliki, mikarafuu, midalasini na mipilipili manga, kila shina kwa bei yake. Malipo yalichelewa, na yalipofika Bibi alikuwa ameshapita misimu bila kuingia shambani na bila fedha mkononi. Nawasikia hadi leo watu wa mijini wakisema kwamba wakulima wale walikuwa waharibifu walioondolewa. Bibi hakukata mnyasa mkubwa hata mmoja maisha yake yote. Alifuata kilimo ambacho maafisa wa ugani wa enzi yake walikisifu, akalitunza paa kwa uaminifu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba thamani ya msitu wake ilikuwa katika uchafu aliokuwa akiufagia. Naamini ushoroba ulihitajika. Naamini vilevile kwamba gharama yake walibebeshwa watu ambao hawakuwa na akiba ya kubeba chochote, na kwamba maji ya mto Zigi, yanayotoka katika milima hii na kufika kwenye mabomba ya Tanga mjini, yamo ndani ya deni tunalodaiwa na watu hao.

Kwa upande wa mashamba yaliyobaki nje ya mipaka, mambo si ya kukata tamaa, kwa kuwa shamba si lazima liwe ukuta. Mjomba wangu ameiacha miti ya asili katika mpaka wa shamba lake la migomba na kandokando ya kijito, na hafyeki chini yake. Miongoni mwake kuna msambu, mti wa milima hii ambao mbegu zake hutoa mafuta magumu meupe, ambayo wazee waliyatumia kupikia na ambayo tangu miaka ya 2000 yamepata wanunuzi wa viwandani. Matunda yake ni makubwa, huanguka yenyewe, na wanawake wa kijiji huyaokota mapema kabla ya panya buku, ambaye huchimba na kuzificha mbegu ardhini kwa ajili ya baadaye. Zile anazozisahau ndizo zinazoota. Mjomba amejifunza kumwachia panya buku sehemu yake, na katika kitalu chake nyuma ya jiko ana miche ya msambu aliyoing'oa kwa uangalifu chini ya mti mama, kwa sababu mbegu zake huchukua miezi mingi kuota na mara nyingi hazioti kabisa mtu anapozisia mwenyewe.

Mwaka jana alinipeleka kuliona shamba la zamani la Bibi kutoka kwenye mpaka wake. Nilimwuliza kama tutaweza kulitambua, akanijibu, "Mwanangu, iliki haifi upesi hivyo." Kweli zilikuwepo, mabua membamba yaliyopotea ndani ya vichaka, na nilipolisugua jani moja harufu ilinijia ya jiko la Bibi. Mnyasa mmoja ulikuwa umeanguka, na palipoanguka palikuwa pamejaa msizi, mirefu na iliyonyooka. Lakini chini ya minyasa iliyosimama udongo haukuonekana tena. Majani yalikuwa yameufunika, na miche midogo ya mnyasa, yenye majani yake laini kama unyoya, ilikuwa imetokeza hadi kwenye goti langu. Tulipokuwa tunageuka kuondoka, Mjomba alinishika mkono akanionyesha siafu wakivuka njia na kuanza kutandaa kuelekea bondeni. Tukakaa kimya kusubiri, karibu nusu saa. Wakaja shore wawili, wakaruka ruka juu ya siafu, wakaokota walichoweza. Yule mwenye kifua cheupe hakuja. Mjomba alitazama juu, kwenye uwazi ulioachwa na mnyasa ulioanguka, akasema kivuli bado chepesi.